Istilahi za msingi za jenetiki ya vimelea vya malaria

Istilahi za jenetiki ya vimelea vya malaria ni maneno yanayotumiwa na wataalamu wanaochunguza urithi wa viumbe vidogo vinavyosababisha ugonjwa wa malaria. Maneno hayo hutokea katika taarifa za afya, magazetini na katika vitabu vya biolojia, mara nyingi bila maelezo.

Umuhimu wake hauishii maabara. Tanzania Bara ilibadilisha dawa ya kwanza ya kutibu malaria mara mbili katika muda wa miaka mitano hivi: mwaka 2001 iliacha klorokwini ikachukua sulfadoksini-pirimethamini (SP), na mwaka 2006 ikaacha SP ikachukua dawa mseto ya artemeta na lumefantrini (ALu). Mara zote mbili sababu ilikuwa usugu, yaani vimelea vilivyobadilika katika jeni zao hata dawa ikashindwa kuviua. Anayeelewa istilahi chache za jenetiki anaweza kufuata jinsi maamuzi ya namna hiyo yanavyofanyika.

## Mfano wa Ruhembe

Ruhembe ni kata ya Wilaya ya Kilosa katika Mkoa wa Morogoro, upande wa Mikumi. Eneo hilo linajulikana kwa kilimo cha miwa, na kiwanda cha Kampuni ya Sukari Kilombero kilichopo upande wa Kilosa wa mto Ruaha Mkuu kinaitwa Ruembe. Kusini zaidi, mkoani humohumo, uko mji wa Ifakara, mmojawapo wa vituo vya zamani vya utafiti wa malaria nchini.

Mgonjwa mwenye homa katika kata kama hiyo akifika kwenye zahanati hutobolewa kidole na damu yake huwekwa kwenye kipimo cha haraka. Ikitokea mistari miwili, ana malaria. Kipimo hicho hujibu swali moja tu: je, kimelea kipo? Hakisemi kama damu ina kimelea cha aina moja au cha aina tano, kama vimelea hivyo vinasikia dawa, wala kama vinafanana na vile vya Kagera au vya Tanga. Maswali hayo ndiyo ya jenetiki. Sehemu zinazofuata zinaeleza maneno yake kwa utaratibu ambao tone moja la damu kutoka mahali kama Ruhembe lingechunguzwa.

## Kimelea na maisha yake

Malaria ya binadamu husababishwa na vimelea vya jenasi *Plasmodium*. Katika Afrika Mashariki kinachoua zaidi ni *Plasmodium falciparum*, na utafiti mwingi wa jenetiki unahusu spishi hiyo. Ndiyo maana majina mengi ya jeni huanza na herufi *pf*.

Mbu jike wa jenasi *Anopheles* anapouma mtu humwachia vimelea vyenye umbo linaloitwa sporozoiti. Hivyo huingia katika ini, huzaana humo, kisha hutoka vikiwa merozoiti na kushambulia chembe nyekundu za damu. Humo huzaana kwa kujigawa tu, bila jinsia. Baadhi hugeuka kuwa gametosaiti za kiume na za kike, ambazo hungoja kunyonywa na mbu mwingine. Ndani ya tumbo la mbu dume na jike huungana na kufanya zigoti. Baadaye hutokea kifuko kwenye ukuta wa tumbo la mbu, kinachoitwa oosisti, na ndani yake hukua sporozoiti kwa maelfu.

Katika mzunguko huo kuna istilahi mbili ambazo ni msingi wa mengine yote:

* Haploidi ni kiumbe au seli yenye nakala moja tu ya kila kromosomu. Kimelea cha malaria ni haploidi muda wote kinapokaa ndani ya binadamu.
* Diploidi ni kiumbe au seli yenye nakala mbili. Binadamu ni diploidi. Kimelea huwa diploidi kwa muda mfupi tu, kikiwa zigoti ndani ya mbu.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui ugonjwa huo, kwa sababu nakala ya pili iliyo nzima inamsaidia. Kimelea hakina nakala ya pili. Jeni yake ikibadilika, badiliko hilo linaonekana mara moja: kama linamwezesha kuishi mbele ya dawa, litamwezesha tangu kizazi hichohicho.

## DNA, jeni na jenomu

DNA ni molekuli ndefu inayohifadhi maagizo ya urithi. Katika Kiswahili cha Tanzania mara nyingi huitwa vinasaba. Imeandikwa kwa "herufi" nne za kikemia zinazoitwa besi: A, T, G na C.

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani, kwa kawaida protini. Kromosomu ni uzi wa DNA unaobeba jeni nyingi. Jenomu ni jumla ya DNA yote ya kiumbe.

Jenomu ya *P. falciparum* ilitangazwa mwaka 2002. Ina kromosomu 14, besi takriban milioni 23 na jeni zipatazo 5,300. Karibu herufi nne katika kila tano ni A au T, jambo lililofanya kazi ya kuisoma iwe ngumu, kwa kuwa vipande vyake vinafanana mno. Kimelea kilichosomwa kinaitwa 3D7, nacho hutumika hadi leo kama jenomu ya marejeo. Mtafiti anaposema kimelea fulani "kimebadilika", kwa kawaida ana maana kwamba kinatofautiana na 3D7.

Kwa desturi jina la jeni huandikwa kwa herufi ndogo za mlazo, kama *pfcrt*. Jina la protini yake huandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama, kama PfCRT.

## Badiliko la jeni na jinsi ya kulisoma

Badiliko la jeni ni tofauti inayotokea katika mfuatano wa herufi za DNA. Mara nyingi hutokea kwa bahati wakati DNA inaponakiliwa. Kuna namna kadhaa:

* Badiliko la herufi moja: besi moja huchukua nafasi ya nyingine.
* Ufutwaji: kipande cha DNA, au jeni nzima, hupotea.
* Ongezeko la nakala: jeni moja hujirudia mara mbili au zaidi, hivyo protini yake hutengenezwa kwa wingi.

Herufi za DNA husomwa tatutatu. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni, na kila kodoni huagiza asidi amino moja. Asidi amino zikiungana kama shanga katika uzi hufanya protini. Badiliko la herufi moja linaweza kuacha asidi amino ileile, na hapo protini haiguswi. Linaweza pia kuleta asidi amino nyingine na kubadilisha kazi ya protini.

Mfano unaojulikana zaidi ni K76T katika jeni *pfcrt*, iliyopo kwenye kromosomu ya 7. Jina hilo husomwa hivi:

* K ni alama ya lisini, asidi amino ya asili;
* 76 ni nafasi yake katika protini, ikihesabiwa tangu mwanzo;
* T ni alama ya threonini, asidi amino iliyochukua nafasi yake.

Katika DNA, kodoni AAA imegeuka kuwa ACA. Herufi moja kati ya milioni 23 imebadilika. Protini PfCRT hukaa kwenye utando wa kifuko cha kimelea cha kumeng'enyea chakula, mahali ambapo klorokwini hufanyia kazi yake. Protini iliyobadilika huisukuma dawa itoke nje ya kifuko hicho. Ingawa *pfcrt* ya vimelea sugu huwa na mabadiliko mengine pia, K76T ndilo linalotumika kuvitambua.

## Aleli, haplotaipu, jenotaipu na fenotaipu

Aleli ni mojawapo ya sura ambazo jeni moja inaweza kuwa nazo. Jeni *pfcrt* yenye K katika nafasi ya 76 ni aleli moja, na yenye T ni aleli nyingine. Ile inayofanana na kimelea cha asili huitwa aleli ya asili, na nyingine huitwa aleli iliyobadilika.

Haplotaipu ni mkusanyiko wa aleli zinazorithiwa pamoja. Katika *pfcrt* watafiti husoma nafasi tano zinazofuatana, 72 hadi 76. Kimelea cha asili kina herufi CVMNK, na aina sugu iliyoenea Afrika ina CVIET. Herufi hizo si maneno, bali ni alama za asidi amino tano kwa mpangilio wake.

Jenotaipu ni hali ya jeni za kimelea kama ilivyosomwa maabara. Fenotaipu ni tabia inayoonekana, kwa mfano kufa au kutokufa mbele ya dawa. Haya mawili hayalingani daima. Mgonjwa anaweza kupona ingawa vimelea vyake vina aleli ya usugu, kwa sababu kinga ya mwili wake imemaliza kazi iliyobaki. Watu wazima waliozoea malaria hupona hivyo mara nyingi kuliko watoto wadogo. Kwa hiyo aleli ya usugu huitwa kiashiria: inaonya kwamba dawa inaweza kushindwa, lakini haithibitishi kwamba mgonjwa fulani hatapona.

## Kloni na wingi wa aina katika mtu mmoja

Kloni ni kundi la vimelea vyote vilivyotokana na kimelea kimoja kwa kujigawa, hivyo vina jeni zilezile. Mtu anaweza kubeba kloni moja au kadhaa kwa wakati mmoja, ama kwa sababu aliumwa na mbu mbalimbali, ama kwa sababu mbu mmoja alibeba vimelea vya aina nyingi. Hali hiyo huitwa maambukizo mchanganyiko, na idadi ya kloni katika mtu mmoja huitwa wingi wa maambukizo.

Ili kuzihesabu kloni, watafiti hutumia jeni ambazo hutofautiana sana kutoka kimelea kimoja hadi kingine. Zinazotumika zaidi ni *msp1* na *msp2*, zinazotoa protini za ngozi ya merozoiti. Kama kila kloni ina *msp2* ya urefu wake, urefu wa namna tatu katika damu ya mtoto mmoja unaonyesha kloni zisizopungua tatu. Katika miaka ya 1990 mbinu hiyo ilitumika katika bonde la Kilombero, na ilionekana kwamba kubeba kloni kadhaa kwa pamoja ni jambo la kawaida katika mahali penye malaria nyingi.

Mchanganyiko huo huleta ugumu katika hesabu, kwa hiyo istilahi mbili zinatakiwa kutenganishwa:

* Kiwango cha watu wenye aleli ni sehemu ya wagonjwa waliokutwa na aleli hiyo, hata kama wana nyingine pia.
* Marudio ya aleli ni sehemu ya vimelea vyote vyenye aleli hiyo.

Kwa mfano wa kufikirika, wagonjwa 10 wamepimwa. Wanne wana aleli ya asili tu, watatu wana aleli iliyobadilika tu, na watatu wana zote mbili. Waliokutwa na aleli iliyobadilika ni 6 kati ya 10, yaani asilimia 60. Tukichukulia kwamba kila mwenye mchanganyiko ana kloni mbili na wengine wana moja moja, jumla ya kloni ni 13, na zilizobadilika ni 6, yaani asilimia 46 hivi. Namba zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Anayelinganisha taarifa za miaka miwili hana budi kuangalia kwanza kama zimetumia hesabu ya aina moja.

## Uchanganyaji upya wa jeni

Ndani ya binadamu kloni hukaa pamoja bila kubadilishana jeni kwa njia ya jinsia. Ndani ya mbu hali ni nyingine. Gametosaiti za kloni mbili tofauti zikinyonywa pamoja zinaweza kuungana, na zigoti inapogawanyika kwa meiosisi jeni za pande zote mbili huchanganywa. Tendo hilo huitwa uchanganyaji upya. Gametosaiti zikiwa za kloni moja pia huungana, lakini watoto hufanana na mzazi. Hali hiyo huitwa uzalishaji wa ndani.

Ushahidi mmoja muhimu wa jambo hilo ulitoka Michenga, kijiji cha karibu na Ifakara. Watafiti, wakiwemo Hamza Babiker na David Walliker, walichunguza vimelea katika damu ya wanakijiji na oosisti katika mbu waliokamatwa huko. Katika taarifa walizotoa mwaka 1994 na 1995 walionyesha kwamba oosisti nyingi zilikuwa na aleli mbili tofauti, yaani kloni mbalimbali zilikuwa zikizaliana kwa kawaida katika mbu wa kijijini.

Hilo lina maana kwa usugu. Usugu mkubwa dhidi ya SP unahitaji mabadiliko katika jeni mbili: *pfdhfr* katika kromosomu ya 4 na *pfdhps* katika kromosomu ya 8. Mahali penye malaria nyingi, mbu mara nyingi hunyonya kloni kadhaa, na mkusanyiko huo unaweza kuvunjwa kila kizazi. Mahali penye malaria chache, mbu hunyonya kloni moja, na mkusanyiko hupita mzima kutoka mtu hadi mtu.

## Usugu na uteuzi

Usugu wa dawa ni uwezo wa kimelea kuishi na kuzaana mbele ya kiasi cha dawa ambacho kwa kawaida kingekiua. Dawa haitengenezi badiliko la jeni. Badiliko hutokea kwa bahati, na dawa huua vimelea vingine na kuacha kile kilichobadilika kikijaza nafasi. Jambo hilo huitwa uteuzi.

Historia ya Tanzania ina mifano mitatu ya uteuzi.

Klorokwini. Usugu uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaenea kwa miaka ishirini. Baada ya dawa kuachwa mwaka 2001, aleli ya K76T ilianza kupungua, na muongo mmoja baadaye vimelea vingi nchini vilikuwa na aleli ya asili tena. Malawi, iliyoacha klorokwini mwaka 1993, ilishuhudia jambo lilelile mapema zaidi. Sababu ni kile kinachoitwa gharama ya badiliko: pasipo dawa, kimelea kilichobadilika ni dhaifu kuliko cha asili na hushindwa katika mashindano. Haimaanishi kwamba klorokwini irudishwe dukani, kwa kuwa uteuzi ungeanza upya.

SP. Mabadiliko yake hutajwa kwa kundi. Matatu ya *pfdhfr* (N51I, C59R na S108N) pamoja na mawili ya *pfdhps* (A437G na K540E) huitwa mabadiliko matano. Yakiongezeka A581G, kama ilivyoonekana mkoani Tanga, usugu huwa mkubwa zaidi. Dawa hiyo haitumiki tena kutibu homa ya malaria, lakini wajawazito bado hupewa kliniki ili kuwakinga. Ndiyo sababu aleli hizo zinaendelea kufuatiliwa.

Artemisinini. Hii ni familia ya dawa iliyomo katika ALu. Kiashiria chake ni jeni *kelch13* katika kromosomu ya 13, kilichotambuliwa kutokana na vimelea vya Kambodia katika utafiti uliochapishwa kwa jina la mwaka 2014. Badiliko la R561H (arjinini kuwa histidini katika nafasi ya 561) liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, ambako lilitokea lenyewe bila kuletwa kutoka Asia. Baadaye lilionekana kwa wingi katika Mkoa wa Kagera, hasa Karagwe na Kyerwa karibu na mpaka wa Rwanda. Nchini Uganda yameenea mabadiliko mengine ya jeni hiyohiyo, C469Y na A675V.

Hapa neno linalotumika ni usugu wa sehemu. Vimelea huchelewa kuisha katika damu, na wagonjwa wengi bado wana vimelea siku ya tatu ya matibabu. Hata hivyo mgonjwa anayemaliza dozi kwa kawaida hupona, kwa sababu lumefantrini huua vilivyobaki. Hatari ni kwamba lumefantrini inaachiwa kazi kubwa peke yake. Ikishindwa nayo, dawa mseto nzima itashindwa.

## Maambukizo mapya au yaliyorejea

Mtu aliyetibiwa akikutwa tena na vimelea baada ya wiki tatu, kuna maelezo mawili makuu. Maambukizo yaliyorejea ni vimelea vilevile ambavyo dawa haikuvimaliza. Maambukizo mapya ni vimelea vingine vilivyoletwa na mbu baada ya tiba. La kwanza ni kosa la dawa, la pili si kosa lake.

Ili kuyatenganisha, damu ya siku ya kwanza hulinganishwa na damu ya siku ya kurudi kwa kutumia *msp1*, *msp2* na jeni nyingine zinazotofautiana. Aleli zikiwa zilezile, maambukizo yamerejea. Zikiwa tofauti, ni mapya. Uchunguzi wa namna hiyo hufanyika Tanzania katika vituo maalumu vya kupima nguvu ya dawa, kikiwemo Mlimba mkoani Morogoro, na wagonjwa wanaotibiwa kwa ALu hufuatiliwa kwa siku 28. Bila hatua hiyo ya jenetiki, katika mahali penye mbu wengi dawa nzuri ingeonekana mbaya.

## Ufutwaji wa jeni na kipimo cha haraka

Vipimo vya haraka vinavyotumika zaidi Afrika hutafuta protini HRP2 inayotolewa na *P. falciparum*. Jeni yake, *pfhrp2*, iko katika kromosomu ya 8. Jeni inayofanana nayo, *pfhrp3*, iko katika kromosomu ya 13. Vimelea vilivyofutikiwa na jeni hizo huishi bila shida, lakini kipimo hakivioni. Mgonjwa huambiwa hana malaria na kurudi nyumbani bila dawa.

Vimelea hivyo viligunduliwa kwanza Peru, na baadaye vilileta tatizo kubwa Eritrea na Ethiopia. Nchini Tanzania uchunguzi umevikuta kwa nadra sana. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe kipimo pale ambapo ufutwaji huo unasababisha majibu ya uongo kwa zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa.

## Mtiririko wa jeni

Mtiririko wa jeni ni kuhama kwa aleli kutoka eneo moja hadi lingine. Mbu haruki mbali, kwa hiyo anayezisafirisha aleli kwa umbali mkubwa ni binadamu. Mashamba ya miwa ya ukanda wa Kilombero na Ruhembe huvuta vibarua wa msimu kutoka mikoa mingine, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hupita Mikumi. Mtu mwenye gametosaiti katika damu anaweza kusafiri bila kujisikia mgonjwa, na mbu wa huko aendako akamnyonya.

Ili kujua kama aleli ya usugu imetokea mahali hapohapo au imeletwa, watafiti husoma DNA iliyo pande zote mbili za badiliko. Zikifanana na za mahali pengine, chimbuko ni moja. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba aleli sugu za *pfcrt* zilizoenea Afrika, na pia aleli za *pfdhfr* zenye mabadiliko matatu, zilikuwa na asili ya Asia ya Kusini-Mashariki.

## Kutoka tone la damu hadi taarifa

Kazi yote huanza na tone kavu la damu: damu ya kidoleni hudondoshwa kwenye karatasi ya kuchujia, hukaushwa, na kufungwa pamoja na dawa ya kunyonya unyevu. Karatasi hiyo haihitaji jokofu wakati wa kusafirishwa, jambo linalowezesha zahanati za vijijini kushiriki.

Maabara hutoa DNA katika karatasi na kuiongeza kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande kilichochaguliwa hadi kifikie mamilioni. Halafu hufanyika usomaji wa mfuatano, yaani kutambua herufi moja baada ya nyingine. Kufanya hivyo mara kwa mara katika maeneo mengi huitwa ufuatiliaji wa kimolekuli. Tanzania kazi hiyo inaongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambayo tangu mwaka 2021 inaendesha mradi unaojulikana kama MSMT.

Majibu yake kwa kawaida hayarudi kwa mgonjwa mmoja mmoja, ambaye huwa amekwisha kutibiwa. Hutumika kuamua dawa na vipimo vya wagonjwa wa baadaye. Kwa sababu hiyo mchango wa mtu anayetoa tone la ziada ni kwa ajili ya wengine, na sheria za utafiti zinataka aelezwe hivyo na akubali kwa hiari.

## Mipaka ya jenetiki

Si kila homa isiyopona husababishwa na jeni. Dozi isiyomalizwa, dawa bandia, dawa iliyoharibiwa na joto, na ugonjwa mwingine uliodhaniwa kuwa malaria huleta picha ileile. Pia aleli ya usugu ikikutwa katika mkoa mmoja haimaanishi kwamba dawa imeshindwa nchi nzima. Ndiyo maana viashiria vya jeni husomwa pamoja na matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa. Kiashiria kikiongezeka huku wagonjwa bado wanapona, nchi ina muda wa kujiandaa. Wakati wa klorokwini muda huo haukuwepo, kwa kuwa badiliko la K76T lilitambuliwa baada ya dawa kuwa imekwisha kushindwa.